Kompyuta Inapouliza Wewe ni Nani

Usiku wa Ijumaa moja mwaka 1962, mwanafunzi wa uzamifu katika chuo cha MIT, Marekani, aliiba nywila za kila mtu aliyekuwa akitumia kompyuta ya chuo. Jina lake Allan Scherr. Hakuvunja mlango wala hakutumia ujuzi wa ajabu. Alitoboa kadi ya kuiomba kompyuta imchapie faili yenye nywila hizo, na alfajiri ya Jumamosi akaenda kwenye kabati la karatasi zilizochapwa, akachukua mzigo wake, akatoka. Sababu yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Alikuwa amegawiwa saa nne kwa wiki za kutumia mashine, na utafiti wake ulihitaji nyingi zaidi. Saa zake zikiisha, anaingia kwa jina la mwingine. Ni kama tu wewe na waifai ya jirani.

Kisa hiki hutajwa sana kama wizi wa kwanza wa pasiwadi kwenye kompyuta. Mimi nakitaja kwa sababu nyingine. Siku hizi ukinunua laptopu mpya yenye Windows 11, kabla hujaona chochote inakwambia uunganishe intaneti, kisha inataka akaunti ya Microsoft. Huna? Fungua moja. Hutaki? Kitufe cha kukataa hakipo. Watu hukasirika, na wakikasirika husema kitu kimoja: lakini mashine si ni yangu? Kwa Scherr swali hilo lisingekuwa na maana. Mashine haikuwa yake, wala ya mtu yeyote aliyeketi mbele yake. Na hiyo ndiyo sababu akaunti ilibuniwa.

Kompyuta za wakati huo zilijaza chumba na kugharimu mamilioni ya dola. Ulikuwa unaandika programu yako kwenye kadi, unazikabidhi, halafu unasubiri saa nyingi, pengine hadi kesho, kuambiwa kwamba ulikosea koma. Fernando Corbató na wenzake pale MIT wakatafuta njia ya kuwaruhusu watu wengi kutumia mashine moja kwa wakati mmoja. Kila mtu angekuwa na mashine yake ya kuchapia iliyounganishwa kwa waya, na kompyuta ingewahudumia kwa zamu za haraka sana, kiasi kwamba kila mmoja anadhani iko naye peke yake. Mfumo huo, ulioitwa CTSS, ulionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1961. Watu walipoanza tu kushiriki mashine moja, matatizo mawili yakajitokeza: faili zako zinakaa pamoja na za wenzako, na saa lazima zihesabiwe. Ikaamuliwa kila mmoja awe na jina na nywila.

Kama umesoma shule ya bweni unaijua hali hii. Sanduku lako la chuma lina kufuli kwa sababu mko themanini kwenye bweni moja. Hakuna anayekuuliza mbona umefunga. Lakini pia hakuna anayeenda nyumbani likizo akatia kufuli kwenye kabati la vyombo la mamake.

Kufuli zenyewe hazikuwa imara. Mwaka 1966 wasimamizi wawili wa CTSS walikuwa wakihariri kwa wakati mmoja, mmoja faili ya salamu na mwingine faili ya nywila. Mfumo ukazichanganya, na kila aliyeingia akakaribishwa na orodha kamili ya nywila za wenzake. Corbató aliishi hadi 2019, akafa akiwa na miaka 93, na uzeeni alikubali mwenyewe kwamba nywila zimegeuka jinamizi.

Wapo waliozikataa tangu mwanzo. Katika maabara ya akili unde ya chuo hicho hicho, watu walikuwa na mfumo wao, ITS, ambao haukuwa na nywila kabisa. Ukitaka kusoma faili ya mwenzako, unaisoma. Miaka ya sabini nywila zilipoletwa kwenye kompyuta ya maabara nyingine hapo MIT, jamaa anayeitwa Richard Stallman alizifumbua, akawaandikia wenyewe: naona nywila yako ni fulani, mbona usibonyeze tu Enter, ni rahisi zaidi. Wengine wakamsikiliza. Huyu ndiye aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983, ambao vipande vyake viko ndani ya mifumo mingi ya Linux hadi leo. Kwake nywila ilikuwa njia ya wasimamizi kuwatawala watumiaji. Alikuwa na fujo, ndiyo, lakini hoja yake haijazeeka.

Kisha ikaja miaka ambayo swali la jina lilitoweka kabisa. Altair 8800 ilitokea kwenye jalada la jarida la Popular Electronics la Januari 1975. Apple II ikafuata 1977, na IBM ikatoa PC yake Agosti 1981. Zilikuwa dhaifu mno ukizilinganisha na mashine za vyuo, lakini zilikuwa za mtu. Ukiwasha IBM hiyo ikiwa na DOS, ilichotaka kujua ni tarehe tu, maana haikuwa na saa ya kukumbuka siku ikizimwa. Baada ya hapo unaona herufi A, alama ya mshale, na kijistari kinachopepesa. Basi. Haina hata mahali pa kuweka jina lako. Aliyeketi kwenye kiti ndiye mwenye mashine, hata kama ni mtoto wa miaka sita anayefuta kazi za babake.

Windows 95, iliyotoka Agosti 24, 1995, ilikuwa na kisanduku cha jina na nywila, lakini kilikuwa kama askari wa geti aliyelala. Unabonyeza Escape, unapita. Kiliwekwa kwa ajili ya mitandao ya ofisi na kukumbuka mipangilio ya kila mtu, na nyumbani kilikuwa pambo tu.

Nisiisifu enzi hiyo kupita kiasi. Mashine isiyouliza chochote haimkatai yeyote. Mwaka 1986 ndugu wawili wenye duka la kompyuta mjini Lahore, Pakistan, walitengeneza Brain, kirusi cha kwanza cha kompyuta za aina ya IBM, na ndani yake wakaandika majina yao, anwani na namba za simu. Kikasambaa kwa disketi kutoka mkono hadi mkono mpaka watu wa ng'ambo wakaanza kuwapigia simu. Sijui kirusi kingine chenye adabu kama hiyo.

Huku Kenya wengi waliiruka hatua hii. Walikutana na kompyuta saiba, kwa shilingi moja kwa dakika, saa ikihesabu kwenye kona ya skrini na mhudumu akipaza sauti kwamba namba sita muda umeisha. Hiyo ni CTSS kabisa. Mashine si yako, muda unapimwa, na aliyekutangulia amesahau kutoka kwenye Yahoo yake, kwa hivyo unasoma barua zake za mapenzi. Nywila mahali kama hapo ni akili timamu.

Mabadiliko kwenye kompyuta ya nyumbani yalianza mwaka 2001, na hayakuanza na akaunti. Windows XP ilipotoka Oktoba 25 mwaka huo, ilikupa siku 30 uithibitishe kwa intaneti, au kwa kupiga simu na kusoma msururu mrefu wa tarakimu. Lengo lilikuwa kuzuia nakala za bure, malalamiko ya zamani sana kwa Microsoft. Bill Gates aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi kuhusu jambo hilo tangu Februari 1976. Mtaani ulinzi huo haukufua dafu. Namba moja iliyotengewa makampuni makubwa, ile inayoanza na FCKGW, ilivuja kabla XP haijafika madukani, na ikaandikwa kwa kalamu kwenye CD za dunia nzima. Ila kitu kipya kilikuwa kimeshaingia nyumbani: kompyuta uliyoilipia ilihitaji ruhusa ya mtu wa mbali ili iendelee kufanya kazi.

XP hiyo hiyo ilikuwa na kiputo pembeni mwa skrini kilichokusihi ufungue akaunti ya Passport. Hapa kuna sehemu ya historia ambayo haisimuliwi sana. Passport ilianzishwa 1999 kama akaunti moja ya kuingilia tovuti nyingi. Machi 2001 Microsoft ikatangaza mpango uitwao HailStorm, wa kuhifadhi kwenye mitambo yake kalenda ya mtu, anwani za marafiki zake na taarifa zake za malipo, Passport ikiwa ndiyo ufunguo. Watetezi wa faragha wakapeleka malalamiko kwa tume ya serikali ya Marekani inayolinda watumiaji, FTC. Makampuni makubwa nayo yakagoma, wala si kwa kuwahurumia wateja. Hayakutaka Microsoft isimame kati yao na wateja hao. HailStorm ikafa kimyakimya mwaka 2002. Agosti mwaka huo, baada ya FTC kuishutumu Microsoft kwamba ahadi zake kuhusu usalama na faragha ya Passport hazikuwa za kweli, pande hizo mbili zikaafikiana, na kampuni ikawekwa chini ya agizo la kukaguliwa kwa miaka 20.

Yaani mwaka 2002 wazo la kwamba Windows iwe na akaunti ya mtandaoni yenye maisha yako ndani yake lilionekana la kutisha kiasi cha kuingiliwa na serikali. Miaka kumi baadaye likarudi, na hakukuwa na kelele kama hizo. Katikati hapo ilikuja simu.

Simu ya kwanza ya Android, T-Mobile G1 ya mwaka 2008, ilitaka akaunti ya Google kabla hujaanza kuitumia. Watu hawakushangaa, kwa sababu simu ni kitu ambacho siku zote kimefungwa kwa kampuni fulani. Laini ina namba, namba ina mwenyewe, bila kampuni simu ni saa ya mkononi isiyo na mkanda. Huawei Ideos ilipoletwa na Safaricom mwaka 2011 kwa takriban shilingi 8,000, wapo waliopata anwani ya Gmail siku hiyo hiyo, wakifunguliwa na kijana wa dukani aliyebuni pia nywila na kuiandika nyuma ya risiti. Ukiwa umezoea hivyo, ukikutana na kompyuta inayotaka akaunti unaona ni kawaida. Wanaolalamika zaidi ni wale wanaokumbuka kijistari kinachopepesa.

Windows 8 ya Oktoba 26, 2012 ndiyo iliyoleta akaunti ya Microsoft kwenye hatua ya kwanza ya kuweka mashine. Ile nyingine, akaunti ya ndani, ambayo jina na nywila yake hukaa kwenye diski yako na haziendi popote, ilikuwa bado ipo, kwa maandishi madogo chini. Windows 10, Julai 29, 2015, nayo ilikuwa nayo, lakini kadiri miaka ilivyosonga maandishi yalizidi kujificha, na kufikia 2019 kuna watu Marekani waliogundua kwamba chaguo hilo huonekana tu ukichomoa waya wa intaneti. Windows 11 ilipotoka Oktoba 5, 2021, toleo la nyumbani likataka intaneti na akaunti moja kwa moja. Mwaka uliofuata toleo la Pro likafuata kwa matumizi ya kibinafsi.

Hapo ndipo zilipozaliwa mbinu. Kuna iliyopendwa ya kuandika barua pepe no@thankyou.com na nywila yoyote, mfumo unakwama, kwa kuchoka unakuruhusu kufungua akaunti ya ndani. Kuna ya kubonyeza Shift na F10 katikati ya usakinishaji, dirisha jeusi linafunguka, unaandika BYPASSNRO. Mafundi walizikariri kama sala. Mwaka 2025 Microsoft ikaanza kuziondoa katika matoleo yake ya majaribio, ikieleza kwamba zinawafanya watu waruke hatua muhimu za kuandaa mashine. Kila moja ikizibwa, nyingine hutafutwa kabla ya wiki kuisha.

Je, hasira ya watumiaji huwahi kufaa kitu? Mara moja ilifaa sana, na ilikuwa kwenye michezo. Mwaka 2013 Microsoft ilieleza kwamba Xbox One ingehitaji kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila saa 24, la sivyo hutachezi. Mkuu wa kitengo hicho alipoulizwa kuhusu watu wasio na intaneti ya kutegemewa, alijibu kwamba hao wana Xbox 360. Wacha walipuke! Wanajeshi walioko manowarini, watu wa vijijini, wachezaji wa nchi zisizo na intaneti nzuri, wote wakapiga kelele, na Sony ikakaa kando ikicheka. Kufikia Juni 19 mpango ulikuwa umefutwa, miezi mitano kabla ya mashine kuuzwa. Tofauti na Windows ni rahisi kuiona. Aliyeikasirikia Xbox alikuwa na PlayStation ya kununua. Aliyeikasirikia Windows ana ripoti ya kuwasilisha Jumatatu.

Mimi binafsi siichukii akaunti. Apple ilipoanzisha kufuli ya iPhone iliyofungwa kwa akaunti ya mwenyewe mwaka 2013, maafisa wa New York, San Francisco na London waliripoti kwamba wizi wa simu hizo umeshuka. Google ikaweka yake kwenye Android 5.1 mwaka 2015. Yeyote aliyewahi kunyang'anywa simu na mtu wa pikipiki anaelewa raha ya kujua kwamba kilichoibwa ni kipande cha kioo. Kinachoniudhi ni vitufe. Windows ikikutaka ukamilishe kuandaa kompyuta yako, inakupa «Endelea» na «Nikumbushe baada ya siku 3». Neno hapana halimo. Mtu akikuomba kitu namna hiyo mtaani unajua hakuombi.

Na kuna jambo ambalo waliobuni hizi akaunti huko Redmond na Mountain View huenda hawakulifikiria kwa uzito: mashine zetu nyingi zina historia ya watu wengine. Laptopu imefanya kazi kwenye ofisi Uingereza miaka mitano, ikaingia kontena, ikafika duka la Nairobi ikiitwa ex-UK. Fundi anaifuta, anaweka Windows upya, na kwa kuwa inadai akaunti, anaweka yoyote aliyonayo ili biashara isonge. Windows za karibuni, kwenye mashine zinazofaa, husimba diski nzima zenyewe mara tu akaunti ya Microsoft inapoingizwa, na ufunguo wa kuifungua, tarakimu 48, huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Wewe unaongeza akaunti yako, unaandika tasnifu yako miaka miwili. Siku ubao mama unabadilishwa, skrini ya buluu inaomba tarakimu 48. Ziko kwenye barua pepe ya mtu ambaye alihama duka. Data yako iko salama kabisa, hata kwako.

Simu nazo ndivyo. Pitia Luthuli Avenue uulize bei ya simu zilizofungwa na akaunti za wamiliki wa zamani, utaambiwa zinauzwa kwa ajili ya vipuri. Na kuna kufuli ya aina nyingine tuliyoikubali kwa hiari. Safaricom na Google walipoanzisha Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, mpango ulikuwa unalipa shilingi 20 kwa siku hadi simu iwe yako, na ukikosa kulipa, inafungwa kutoka mbali. Nadhani hiyo ina uaminifu fulani. Unaambiwa wazi kwamba bado si yako, na unajua siku itakapokuwa yako.

Laptopu uliyomaliza kuilipia ndiyo haina siku hiyo. Oktoba 14, 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa masasisho ya bure ya kawaida. Mashine nyingi za kabla ya 2018 haziruhusiwi rasmi kupanda Windows 11, na ndizo zimejaa kwenye maduka yetu ya mitumba. Kuna mwaka mmoja wa nyongeza wa ulinzi, ambao unaweza kuupata bila malipo au kwa dola 30, lakini hata ukitoa hizo dola 30 lazima uingie kwa akaunti ya Microsoft kwanza. Fedha zako peke yake hazitoshi tena.

Njia ya kando ipo, na ina jina la kwetu. Ubuntu, mfumo wa Linux ulioanzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, uliwahi kutumiwa watu kwa posta bila malipo, CD na stempu zote, hadi 2011. Ukiusakinisha leo unakuuliza jina na nywila, na jibu lako linabaki kwenye diski. Andika Wanjiru, andika Mwenyenyumba, haiendi kuuliza mtu. Unapoteza Photoshop, na michezo kadhaa, na uvumilivu wa wanaokusaidia. Wengi hujaribu wiki mbili wakarudi.

Lakini hata huko mambo yameanza kusogea, na safari hii anayeuliza si kampuni. Oktoba 2025 Gavana Gavin Newsom wa California alisaini sheria, AB 1043, inayoanza kutumika Januari 1, 2027. Inawataka watoaji wa mifumo endeshi kuuliza umri wa mtumiaji wakati akaunti inafunguliwa, kisha kuzipa programu ishara ya rika lake, ili watoto walindwe. Kwa Apple, Google na Microsoft hiyo ni sehemu moja zaidi ya kujaza kwenye fomu iliyopo. Ila tafsiri ya sheria ni pana: mtoaji ni yeyote anayetengeneza, kutoa leseni au kudhibiti mfumo endeshi. Debian, ambayo Ubuntu imejengwa juu yake, hutengenezwa na watu wa kujitolea walioenea duniani. Haina mteja, haina mtambo wa akaunti, na faili yake ya majina iko kwenye diski ya kila mtu, kwake.